Haibridi Inapotetemeka Asubuhi: Mwongozo kwa Wenye Magari wa Kigoma na Ujiji

Julai ya Kigoma ina ubaridi ambao mtu wa Makete angeucheka. Alfajiri kipimajoto hushuka chini kidogo ya nyuzi 20, upepo wa ziwa unapiga Kibirizi na Katonga, na ikifika saa nne jua limeshatawala. Hata hivyo huu ndio msimu ambao wenye Prius, Aqua na Fielder za haibridi huingia gereji na lalamiko lilelile: nikiwasha asubuhi injini inatikisika, inagonga, inamisi, halafu baada ya nusu dakika inatulia kana kwamba haijawahi kuumwa. Na jibu nalo ni lilelile: “Bosi, hiyo baridi tu, ikipata moto itaisha.”

Si baridi. Magari haya yametengenezwa Japani, ambako mikoa ya kaskazini hulala chini ya theluji miezi kadhaa kila mwaka, na huko yanawaka bila kelele. Nyuzi 18 za Mwanga hazina ubavu wa kuitikisa injini nzima. Kinachotokea ni kwamba gari limesimama kwa saa tisa au kumi, na kasoro ambayo mchana inafichwa na joto imepata usiku mzima wa kufanya kazi yake. Kwa hiyo usianze na kinachobadilishwa upesi. Anza na kile ambacho ukikipuuza kitaua injini.

Hatua ya kwanza: ijue tabia ya kawaida

Nusu ya hofu za wanaohamia haibridi kutoka IST au Noah zinaishia hapa. Ukiwasha gari lililolala, injini haiamshwi na stata. Inazungushwa na mota kubwa ya umeme iliyo ndani ya giaboksi, mpaka mizunguko kama 1,000 kwa dakika, ndipo mafuta na moto vinaingia. Kisha kwa muda wa dakika moja hivi kompyuta inachelewesha cheche makusudi ili moshi wa moto uyapashe masega, kile kisafisha moshi cha kwenye eksozi. Katika dakika hiyo sauti huwa nzito, silensa (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) iko juu, na ukiondoka gari linasukumwa zaidi na betri kuliko injini. Hilo si ugonjwa. (Kama masega yalishauzwa na mmiliki aliyekutangulia, hiyo ni habari nyingine, na taa ya injini itakuwa imeshakuambia.)

Jambo la pili la kawaida: ukiteremka kutoka Manyovu kuja Mwandiga, mteremko mrefu hujaza betri. Betri ikishajaa, gari huizungusha injini bila mafuta ili isaidie kushika breki. Inavuma kwelikweli na wewe hujakanyaga kitu. Iache ivume.

Kisicho cha kawaida ni mtikisiko unaofika kwenye usukani na viti, mgongano wa chuma unaosikika karibu na giaboksi, moshi mweupe usioisha, au taa ya injini inayopepesa. Kwenye gari la kawaida, silinda isiyochoma inaweza kuifanya injini ijizimie. Kwenye haibridi mota ya umeme inaibeba injini kwa nguvu hata kama silinda moja haifanyi kazi, ndiyo maana mtikisiko unakuwa mkali kuliko ulivyozoea. Na ndiyo maana pia madhara yake ni makubwa, kama utakavyoona kwenye hatua ya tatu.

Hatua ya pili: kusanya ushahidi kabla ya kwenda kwa fundi

Gari likifika gereji saa tano limeshapata moto, na fundi hataona lolote. Asubuhi mwombe mtu mmoja wa nyumbani asimame nyuma na simu arekodi bomba la eksozi, wewe uwashe. Zingatia mambo matatu: mtikisiko ulidumu sekunde ngapi, moshi ulikuwa wa rangi gani na ulikaa hewani kwa muda gani, na gari lilikuwa limesimama kwa saa ngapi.

Hilo la mwisho ndilo lenye majibu. Jaribu siku moja kuliacha gari kwa saa tatu tu mchana kweupe, kwenye joto, kisha uwashe. Likitulia mchana na kutikisika kila asubuhi, tatizo linakua na muda wa kusimama. Likitikisika wakati wowote, hata limetoka Gungu sasa hivi, tafuta zaidi upande wa plagi, koili na masizi.

Kuhusu moshi: sehemu zenye baridi kali, kila gari hutoa mvuke mweupe asubuhi na hakuna anayejali. Hewa ya ufukweni kwetu haina ubaridi wa kutosha kuonyesha mvuke mwingi. Ukiona wingu jeupe linaning’inia uani Ujiji, lenye harufu ya utamutamu, usilisamehe.

Hatua ya tatu: maji, maji, maji

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu.

Injini ya 1,800 cc iliyo kwenye Prius ya kizazi cha tatu (ya 2009 hadi 2015) na ndugu yake Prius Alpha ina udhaifu unaojulikana dunia nzima: gasketi ya silinda hedi. Injini ya 1,500 cc ya Aqua, iliyotoka Desemba 2011, si mgonjwa maarufu kiasi hicho, lakini haina kinga ikiwahi kuchemsha. Gasketi haipasuki siku moja. Huanza na ufa mdogo kati ya njia ya maji na silinda. Ukizima gari jioni, mfumo wa maji bado una moto na presha, na presha hiyo husukuma kulanti kidogokidogo kupitia ufa huo. Inadondoka juu ya pistoni na kukaa hapo mpaka asubuhi. Ukiwasha, silinda ile ina maji badala ya mchanganyiko wa hewa na mafuta. Haichomi, injini inatikisika, maji yanatoka kama moshi mweupe, na baada ya nusu dakika kila kitu kinakauka na kutulia. Mwenye gari anashukuru Mungu na kuendelea na safari.

Maji hayabanwi. Siku ufa utakapokuwa mkubwa na silinda ikajaa, mota ya umeme itaisukuma pistoni dhidi ya maji hayo na konrodi itapinda. Hapo huzungumzii gasketi tena, unazungumzia injini nyingine.

Fanya hivi. Gari likiwa limelala usiku kucha na limepoa kabisa, fungua boneti. Utakuta vyombo viwili vya kulanti: kimoja cha injini, kingine cha inveta, ile boksi ya umeme yenye nyaya nene za rangi ya chungwa. Usivichanganye, kila kimoja kina mzunguko wake. Chukua kalamu ya wino mzito au kipande cha selotepu, weka alama nje ya chombo cha injini pale kulanti ilipofikia. Angalia tena kila asubuhi kwa wiki mbili, gari likiwa mahali palepale, maana ardhi ya mteremko itakudanganya. Kama kinashuka na chini ya gari hakuna tone, maji yanakwenda ndani.

Usifungue kifuniko injini ikiwa na moto. Mvuke wake unachuna ngozi ya uso.

Kama kimeshuka na una safari, ongeza kulanti ya aina ileile iliyomo. Ya Toyota ni ya rangi ya waridi na huuzwa ikiwa imeshachanganywa. Ikikosekana, ongeza maji ya betri, yale yasiyo na asidi. Usichote ziwani. Maji ya Tanganyika ni mazuri kwa migebuka, ila yana chumvichumvi za madini na ubesi unaokaribia kipimo cha 9, na injini hizi ni za aluminiamu. Ubesi hula aluminiamu, madini hujenga ukoko ndani ya rejeta. Maji ya kisima nayo yapo njia hiyohiyo. Ndoo moja ya dharura iliyochotwa Kibirizi mwaka juzi inaweza kuwa ndiyo sababu ya gasketi ya leo, kwa sababu rejeta iliyoziba huchemsha, na hedi iliyochemka hupinda.

Hata kama alama haijashuka, ukiwa na moshi mweupe wa asubuhi omba vipimo viwili. Cha kwanza ni dawa ya rangi ya bluu inayowekwa kwenye mdomo wa rejeta: hewa ya moto kutoka silinda ikipita ndani yake, hugeuka manjano. Cha pili ni bora zaidi kwa ufa mdogo: mfumo unajazwa presha kwa pampu ya kupimia rejeta jioni, unaachwa, asubuhi plagi zinatolewa na kamera nyembamba ya waya inayochomekwa kwenye simu inaingizwa kuchungulia juu ya kila pistoni. Kamera hizo siku hizi si ghali. Pistoni moja ikiwa na unyevu au imesafishika inang’aa wakati nyingine tatu ni nyeusi, umeshampata mwizi.

Hatua ya nne: soma namba kabla mtu hajagusa betri

Kuna mafundi ambao kitu cha kwanza ni kuchomoa terminali ya betri “ili kompyuta ijisahihishe”. Mzuie kwa adabu. Akichomoa, kumbukumbu ya hitilafu inafutika na ushahidi wako umekwenda.

Kifaa kidogo cha kuchomeka chini ya usukani na kuunganishwa na simu kwa bluetooth kinatosha. P0300 maana yake injini inamisi bila kujulikana silinda gani. P0301 hadi P0304 zinataja silinda kwa namba. P0401 inasema moshi unaorudishwa kwenye injini hautoshi, yaani njia imeziba. P261B inahusu pampu ya maji ya umeme, na ukiiona usiliendeshe gari, maana pampu hiyo ikisimama injini inachemka bila mkanda wowote kukatika. P0A80 inalalamikia betri kubwa. Piga picha ya namba zote kabla ya kufuta chochote. Dashibodi yako ikiandika kwa Kijapani, kamera ya simu yenye programu ya kutafsiri itakusomea.

Tatizo moja: injini ya haibridi hujizima yenyewe, fundi anashindwa kusikiliza silensa. Prius ya kizazi cha tatu ina njia ya kuizuia isizime. Bonyeza kitufe cha kuwasha mara mbili bila kukanyaga breki. Ukiwa kwenye P, kanyaga mafuta mpaka chini mara mbili. Weka N, kanyaga tena mara mbili. Rudi P, mara mbili nyingine. Yote ndani ya dakika moja. Dashibodi itaonyesha kwamba gari liko kwenye hali ya matengenezo. Sasa kanyaga breki na uwashe, injini itaendelea kuzunguka. Ukimaliza, zima ili hali hiyo itoke. Usiliendeshe barabarani likiwa hivyo.

Hatua ya tano: plagi na koili

Ukipata namba ya silinda, mathalani P0302, hamisha koili ya silinda ya pili uipeleke ya tatu, futa namba, endesha siku moja au mbili. Namba ikihamia P0303, koili ndiyo mbovu na umeokoa pesa ya kununua nne. Ikibaki P0302, fanya vivyo hivyo kwa plagi.

Ukizitoa plagi zipange mezani kwa mpangilio wa silinda zake, uzitazame kwa pamoja. Tatu za kahawia na moja nyeupe safi kama mpya? Imeoshwa na mvuke. Rudi hatua ya tatu. Plagi hizi zina ncha nyembamba ya iridiamu, hazipigwi brashi ya waya wala hazipangwi mwanya kwa kugongwa na nyundo, zikichakaa zinabadilishwa. Na zipo feki nyingi, kwa hiyo bei ikiwa nusu ya ya kawaida, ujue sababu.

Hatua ya sita: masizi

Gari la Kigoma mjini lina maisha ya safari fupi. Mwanga mpaka Ujiji, Ujiji mpaka sokoni, sokoni mpaka Bangwe. Injini haipati moto wa kutosha, na haibridi ndiyo kabisa kwa sababu inazima kila kwenye foleni na mteremko. Matokeo yake ni masizi kwenye mfumo wa EGR, ule unaorudisha sehemu ya moshi kwenye injini baada ya kuupoza.

Moshi huo hupita kwenye kipozeo chenye matundu membamba, kwenye vali, kisha kwenye vijitundu vinavyougawa kwa silinda zote nne. Vijitundu viwili vikiziba, silinda mbili zinapata moshi wote na mbili hazipati kitu. Injini inatetemeka ikiwa kwenye silensa, hasa kabla haijapata moto vizuri. Wapo mafundi wanaoamini, nami naona hoja yao ina mantiki, kwamba kipozeo kilichoziba ndicho kinachoongeza joto ndani ya silinda na kuichosha gasketi mapema. Kwa hiyo kama umenunua gari la mtumba kutoka Japani na hujui historia yake, vua kipozeo, vali na manifoldi ya hewa visafishwe vyote kwa pamoja. Kusafisha vali peke yake ni kazi nusu. Bodi ya hewa isafishwe siku hiyohiyo.

Hatua ya saba: vitu vidogo vitatu

Oili. Kitabu cha gari kinataka oili nyepesi, 0W-20. Gereji nyingi zitakumwagia 20W-50 kwa hoja kwamba “nchi hii ina joto”. Oili nzito asubuhi hufanya injini iwe ngumu kuzunguka na vali zichelewe kupata ulainisho. Ukifungua kifuniko cha oili ukaona ukungu wa rangi ya maziwa, usipige kelele mara moja: safari fupi pekee zinaweza kuuleta. Nenda Uvinza urudi, uangalie tena. Ukibaki palepale, au stiki ya oili nayo imekuwa ya maziwa, hilo ni la hatua ya tatu.

Mafuta. Tangu 2010 mafuta huwekwa vinasaba ili kukamata wachakachuaji, lakini petroli ya madumu haina mtetezi. Tatizo likianza siku ileile uliyojaza, anza hapo.

Betri ndogo ya volti 12. Haizungushi injini, inaamsha kompyuta. Kwenye Aqua iko chini ya kiti cha nyuma. Gari likiwa limezimwa usiku kucha, iwe na volti 12.4 au zaidi. Ikichoka huleta taa za ajabuajabu na mtu anaambiwa anunue betri kubwa. Jirani mwenye Fuso akikuomba umbusti, mwambie samahani, mzee wangu. Waya zikigeuzwa kwa bahati mbaya, inveta inaondoka.

Hatua ya nane: betri kubwa iwe ya mwisho

Betri kubwa ikichoka injini huwaka mara kwa mara, mistari ya chaji hupanda na kushuka haraka, mafuta huliwa. Mtikisiko wa nusu dakika wa asubuhi si dalili yake. Kabla ya yote safisha kichujio cha feni yake pembeni ya kiti cha nyuma. Vumbi la kiangazi huliziba tundu hilo, hasa kama watoto wamelifunika kwa mabegi. Betri ya Prius ina takriban volti 201, ya Aqua 144, na zote zinaua. Asiyekuwa na glovu za umeme, asiyejua kuchomoa plagi ya usalama na kusubiri dakika kumi, asifungue.

Hatua ya tisa: ikithibitika ni gasketi

Liache gari. Usimimine dawa ya kuziba. Itaziba rejeta na pampu ya umeme kabla ya kuziba ufa. Hedi ikitolewa ipimwe kama imepinda, ikatwe skimu kama inahitaji, gasketi iwe mpya ya kampuni inayoaminika, na boliti ziwe mpya kwa sababu za zamani zimeshavutika. EGR isafishwe kabla ya kufunga. Wakati wa kujaza kulanti hewa itolewe taratibu, hita ikiwa imewashwa, gari likiwa kwenye ile hali ya matengenezo.

Wengi huagiza injini ya mtumba kutoka Dar es Salaam, Gerezani au Ilala, kwa sababu inaonekana rahisi. Fikiria: injini ya umri uleule, ya aina ileile, imekaa dukani bila mtu kujua iliondolewa kwenye gari lake kwa nini. Ukiichukua, vua hedi yake na ubadilishe gasketi injini ikiwa bado iko chini, kabla ya kuifunga kwenye gari.

Ukikutwa na hali hii mbali na nyumbani

Umelala Kasulu au Manyovu, asubuhi gari linatikisika na kutoa moshi. Zima. Likishapoa angalia kulanti, ongeza mpaka alama. Likiwaka na kutulia ndani ya dakika moja, unaweza kurudi, lakini chomeka kile kifaa cha bluetooth na uangalie joto la injini kwenye simu, kwa sababu Prius haina geji ya joto, ina taa tu, na taa hiyo huwaka kumekucha. Kawaida joto hukaa kati ya nyuzi 80 na 95. Likifika 105 simama kando, zima, subiri saa nzima. Ukisikia injini inagonga kwa nguvu kila inapojaribu kuwaka, usiilazimishe tena: tafuta lori la kulibeba gari zima, au angalau likokotwe magurudumu ya mbele yakiwa juu, maana kulikokota yakizunguka chini kunaizungusha mota ya umeme nayo.